Jina Lililochukuliwa Hadi Ijumaa

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akifundishwa jambo likamwingia upesi, usishangilie kwanza. Uliza limeingilia mlango gani. Mama Njambi wa Kabiria hakuuliza, na nusura alie kilio kisichonyamazishwa.

Huyu Mama Njambi ni mfumaji. Ana mashine ya kufuma sweta za shule chumbani kwake, na nyuzi huzifuata mjini kwa Surjit wa Biashara Street. Surjit humwita Mama Njambi. Majirani humwita Mama Njambi, kanisani vilevile. Jina la ubatizo ni Janice, lakini ukisimama kituoni Satellite ukamwulizia Janice, utaonyeshwa saluni. Na Njambi mwenyewe ni bintiye wa Gredi ya Nne, aliyepewa jina la nyanya yake wa Kinoo. Kwa hiyo jina hilo mama halitaji ovyo. Akiwa na raha humwita mtoto "maitu", yaani mama yangu. Akitaka kumgombeza humwita "wewe", maana jina la aliyekuzaa huwezi kulitia katikati ya matusi.

Muhula huu mwalimu wa Kiingereza, Madam Beryl, alikuwa akifundisha herufi kubwa. Sentensi huanza nayo. Jina la mtu, la mji, la siku, la mwezi, yote huanza nayo. Na lile neno la kusema "mimi" kwa Kiingereza, hata likiwa katikati ya sentensi, husimama kwa herufi kubwa siku zote. Njambi alirudi nyumbani akiyaimba hayo huku mama akifuma, na mama akafurahi, kwa sababu yeye aliishia darasa la nane na mengine yalikuwa yameshamponyoka.

"Na ukisahau?" aliuliza siku moja.

"Ukiandika jina lako na herufi ndogo, teacher analichukua."

"Analipeleka wapi?"

"Analichukua tu, mum. Unaitwa ile herufi ndogo mpaka Friday. Mutie saa hii anaitwa m."

Mama Njambi akacheka mpaka uzi ukamkatikia. "Huyo mwalimu anajua kazi," alisema.

Ndiyo maana nakwambia, usicheke haraka.

Jumanne iliyofuata alikuwa ametoka kupeleka sweta. Akasimama kando ya barabara ya Kabiria, akamwona Njambi upande wa pili anakuja na Peres, kiranja wa darasa. Njambi akaanza kuvuka. Huku juu kwenye mteremko, mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ulikuwa umemshinda mwenyewe, unashuka, yeye anaburutwa nyuma yake akipiga mluzi.

"Njambi!"

Peres akageuka. Wauza chipsi wakageuka. Njambi hakugeuka.

"Njambi! Simama!"

Mtoto akaendelea kutembea, shingo imekakamaa, kama anayepita mbele ya mbwa asiyemjua. Mkokoteni ukampitia mgongoni, ukaukwangua mkoba, ukakata mikanda, ukamwacha amepiga magoti kwenye kokoto.

Mama alimfikia hata hajui amevukaje. Akampapasa kichwa, mikono, mbavu. Mzima. Ndipo hasira ikampanda.

"Wewe, masikio yako yameziba?"

"Nilikusikia."

"Ulinisikia na hukusimama?"

Mtoto akamtupia jicho Peres, aliyebaki ng'ambo amejishika mdomo, kisha akanong'ona. "Jina langu lilichukuliwa jana. Ukiitika kabla ya Friday unaongezwa wiki. Na Peres ndiye anasema nani ameitika."

"Hata nikikuita mimi?"

"Teacher alisema mtu yeyote."

Mama Njambi aliokota mkoba, akamshika mtoto mkono, wakaenda nyumbani. Jioni hiyo mashine haikulia.

Asubuhi alimfuata bintiye hadi shuleni, na hakupitia ofisini. Aliingia darasani moja kwa moja. Kwenye kona ya ubao kulikuwa na herufi ndogo tatu: m, n, na q. Madam Beryl, mwalimu kijana, nadhifu, mwenye sauti ya upole, alitabasamu.

"Karibu, Mama Njambi. Kuna shida?"

Kimya.

"Mama Njambi?"

Mgeni akajikunja kwenye dawati la mbele, magoti yakakaribia kidevu, akaupakata ule mkoba uliochanika, akatazama dirishani kana kwamba aliyeitwa ni jirani yake. Watoto wakaanza kufinyana. Madam Beryl akamtuma mmoja kwa mwalimu mkuu, na Bwana Ndungu akaja na kikombe cha chai mkononi.

"Mama Njambi, wazazi tunaongea nao ofisini."

Kimya.

"Mama Njambi, nakuongelesha."

Hata kope hakupepesa. Bwana Ndungu akamgeukia mwalimu. "Huyu anaumwa?"

Peres akainua mkono. Ni mtoto anayependa mambo yaende sawa. "Sir, hawezi kuitika. Jina lao linarudi Friday."

Darasa likaangua kicheko. Bwana Ndungu hakucheka. "Jina gani linarudi Friday?"

Hapo Mama Njambi akafungua kinywa. "Hilo sasa nitajibu, kwa maana nimeulizwa bila kuitwa. Mwalimu, hapa shuleni hakuna anayejua jina langu lingine. Nina hili moja, na si langu, ni la huyu mtoto. Ukishamnyang'anya yeye, mimi unaniita mama nani? Mama n?"

"Mama, sijamnyang'anya," Madam Beryl alisema. "Ni njia ya kufundisha. Wako wengi, na nikiongea tu haiingii. Angalia madaftari yao. Mwanzoni wengi walikuwa wanakosea, sasa wamebaki hawa watatu."

"Inaingia. Sikatai. Jana nimeona vile imeingia."

Akauweka mkoba juu ya meza ya mwalimu, mikanda ikining'inia. Akaeleza ule mteremko, mkokoteni, na jina aliloliita mara mbili. Hakupaza sauti. "Alinisikia, Mwalimu. Alinisikia vizuri sana. Alikuwa anaogopa kona ya ubao wako kuliko mkokoteni."

Bwana Ndungu akakohoa. "Hili tutalizungumza kwenye mkutano wa wazazi."

"Lizungumzeni. Mimi sitoki hapa mpaka aitwe."

"Mama, ukienda hivyo, huenda mtoto akalazimika kutafutiwa shule nyingine."

"Mtafutie. Lakini atoke na jina lake. Ama hiyo barua ya kumfukuza utaandika n?"

Madam Beryl alikuwa angali anautazama mkoba. Akageuka polepole.

"Njambi," aliita.

Mtoto akaangalia ubao. Akamwangalia Peres. Akabana midomo.

"Njambi, ni mimi nakuita."

Midomo ikabanwa zaidi. Machozi yalitoka, sauti haikutoka. Na hapo ndipo uso wa Madam Beryl uliposhuka, kwa sababu mlango alioufunga kwa mkono wake sasa ulikuwa unamkataa na yeye.

Akachukua dasta, akafuta kona nzima ya ubao, akafuta tena palipokuwa pameshafutika. "Peres, kuanzia leo hutaniletea jina la mtu aliyeitika."

"Sawa, teacher," Peres akasema, kwa huzuni ya mtu aliyeachishwa kazi.

"Njambi."

"Yes, teacher." Sauti kama ya kifaranga.

"Na mimi?" likatoka swali nyuma ya darasa.

"Mutie," akasema mwalimu, na Mutie akaitika kabla halijaisha. Quincy hata hakungoja kuitwa.

Bwana Ndungu alimsindikiza mzazi hadi langoni. Akamwonya kwamba siku nyingine asithubutu kuingia darasani bila ruhusa.

"Nitaingia."

"Mama Njambi, shule ina utaratibu."

"Naam," safari hii akaitika. "Nimesikia. Na nitaingia."

Madam Beryl bado anafundisha herufi kubwa, na si mwalimu mbaya. Njambi naye bado husahau. Mama humwandikia jina kwa chaki nyuma ya mlango, mtoto naye huiga chini yake. Akikosea, anafuta anaandika tena, basi.

Ila barabarani mama hajatulia. Kila jioni huacha mashine akasimama palepale, ng'ambo ya barabara, na watoto wakitokea, hata kama hakuna gari wala mkokoteni, yeye hupaza sauti.

"Njambi!"

Mtoto husimama papo hapo, na Peres husimama naye.

"Nini tena, mum?"

"Hakuna."

"Mum, watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie. Vuka, maitu."