Uzito wa Onesphory

Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka 1974, Raheli alikuwa akimlisha mumewe uji wa mtama kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulipooza tangu utotoni, ukabaki wa kuning'inia tu. Onesphory alikuwa kitandani, kakonda kabaki mifupa na kikohozi. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kuzikwa nyuma ya nyumba kando ya mtoto wao Samweli. Raheli alikuwa amemwahidi.

Lori la kuhamishia watu kijiji kipya lilifika uji haujaisha. Mgambo walikuwa wameshaezua nyumba za jirani ili mtu asirudi. Wanne waliingia kumbeba mgonjwa, hakunyanyuka. Wakaongezeka wawili, miguu ya kitanda ikadidimia sakafuni. Kila alivyokonda ndivyo alivyokuwa mzito, jambo ambalo Raheli alilijua tangu masika na hakuona sababu ya kulitangaza.

"Mama, huyu mzee mnamlisha mawe?" mgambo mmoja aliuliza.

"Uji," Raheli alisema.

Yeye alimgeuza na kumwogesha kila siku kwa mkono uliopooza. Ule mzima haukumweza. Miaka mingi aliuombea mkono upone, haukupona, naye akamnunia Mungu waziwazi kanisani. Katekista Simoni alimwambia kwamba Mungu huhamia pale mtu alipoishiwa nguvu. Raheli aliyaona ni maneno ya kuliwaza wagonjwa, mpaka masika yale Onesphory alipoanguka uani na mkono wa kushoto ukamwokota kama kitenge.

Rafaeli, mwenyekiti wa kijiji kipya, alikuwa jirani yao na aliwahi kuyaona hayo.

"Shemeji, wewe unamweza," alisema. "Mtoe, au tunaezua naye yumo ndani. Na mvua hiyo inakuja."

Raheli alitazama mawingu juu ya milima, akatazama kifua cha mumewe, akaogopa. Akapitisha mkono wa kushoto chini ya mgongo wake, akamnyanyua. Alipomweka kwenye lori, springi zilikatika, ikabidi amshushe. Akatembea naye mpaka kijiji kipya, na kila alipokanyaga pakabaki shimo. Waliokutana naye njiani walimpa pole ya mzigo.

Kijiji kipya hakikuwa na nyumba, kilikuwa na vigingi. Onesphory alifia kwenye kiwanja chao, chini ya turubai. Raheli aliomba akamzike kando ya Samweli. Rafaeli akasema amri ni amri, harudi mtu, hata maiti.

Kaburi likachimbwa pembeni mwa vigingi. Wanaume walipoinama kumwinua marehemu, walishindwa. Mzee mmoja alikumbusha kwamba mwanamke habebi maiti, kisha akajaribu mwenyewe, akajikohoza na kumpisha mjane. Raheli akambeba, na badala ya kwenda kaburini akageukia njia ya nyumbani. Mgambo wakaiziba kwa bunduki. Mkono ungeweza kumfikisha hata Mikumi, lakini kuzuia risasi haikuwa kazi yake. Raheli alilia kwa hasira, akarudi, akamshusha kaburini.

"Nisamehe, baba Samweli."

Matanga yalipokwisha, Rafaeli alimwita kwenye ujenzi wa ofisi ya kijiji. Palikuwa na mawe ya msingi, na nguvu kama zile, alisema, ni mali ya wote. Raheli alijaribu kweli, bila hila. Mkono ukaning'inia. Wakauwekea jiwe la ukubwa wa yai, likaushinda.

"Mvivu huyu," Rafaeli alisema, akaamuru akatwe mgao wa mahindi.

Jioni Raheli alipiga magoti kwenye kiwanja chake. Kwa mara ya kwanza maishani alimshukuru Mungu kwa mkono ule jinsi ulivyo, akalala na njaa.