Mfuko wa Uzazi Kwenye Shuka la Veturia

Kwa ugomvi, Veturia hakuwa na mwenzake kijijini. Mameya watatu walikwisha kuonja ulimi wake. Safari hii alitaka jambo moja tu: wasichana shuleni wafundishwe kuhusu miili yao. Mjukuu wake Ilinca, siku ya damu yake ya kwanza, alikuwa amejifungia chooni akiiaga dunia, akidhani anakufa.

Kwenye kikao cha wazazi alikuja na shuka la kitanda alilolichora kwa rangi nyekundu: mfuko wa uzazi, mkubwa kama mlango. Akalitundika ubaoni.

"Humu ndimo mlimotoka nyote! Hata wewe, mkuu wa shule, na tai yako!"

Jirani yake Leontina, aliyelipinga somo hilo tangu mwanzo, akavaa miwani, akasogea, akacheka mpaka akashika meza.

"Veturia, mwanakwetu! Pembe mbili ndefu zimejikunjakunja kama utumbo? Huo ni wa nguruwe! Si tulimpasua pamoja siku ya Mtakatifu Ignat, tulipochinja kwa ajili ya Krismasi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Veturia akaligeukia shuka. Kweli tupu. Kila Desemba alipasua nguruwe jike; mfuko wake mwenyewe hakuwahi kuuona. Mpiganaji mzima, koo limekauka kwa maandamano, kumbe anatetea nyama ya Krismasi!

Angeweza kulikunja shuka ajiendee zake. Lakini Ilinca je?

"Haya, mimi ni mbumbumbu," akasema. "Nimezaa watatu na sijui walipitia wapi. Enzi za udikteta, pale kiwandani, daktari wa serikali alitupanga foleni kutukagua, tusije tukatoa mimba. Alichungulia miaka na miaka, mshenzi yule, wala hakuniambia ameona nini. Wewe unayecheka, chora wa kwako!"

Leontina akashika chaki. Akachora duara. Akalifuta.

"Ovari zinakaa wapi?" akanong'ona.

"Ningejua, ningechora nguruwe?"

Kura ilipopigwa, wa kwanza kuinua mkono kuunga mkono somo alikuwa Leontina, kwa sharti kwamba Veturia naye akae dawati la mbele.

Siku ya somo Veturia akakaa, magoti yamebanwa, ubavuni mwa Ilinca. Mwalimu akaonyesha picha: mfuko mdogo kama ngumi, umbo la pea lililopinduliwa, mirija miwili myembamba, ovari mbili kama lozi.

"Ndio huo tu?" Veturia akamaka. "Kelele zangu zote zile, kwa kitu cha kiganjani?"

"Bibi, nyamaza," Ilinca akasema. "Mwalimu hajamaliza."