Mlango wa Pijo ya Mwishehe

Alasiri ya Idd Mosi, mwaka 1973, madereva wa Bagamoyo walizipanga pikapu zao uwanjani ili waamuzi wachague iliyopambwa kuliko zote. Mtoro wa Kiwangwa alikuwa amefunga honi tano na kuchora mananasi ubavuni. Mwenzake wa Mlingotini alitundika pazia la shanga kwenye kioo cha mbele, akawa anaendesha kwa kukisia.

Mwishehe, seremala, alileta pikapu yake ya Pijo yenye bodi ya mbao aliyoiunda mwenyewe, na nyuma yake mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba. Ulikuwa mlango wa nyumba aliyoachiwa na bibi yake, Bi Sihaba. Mwaka uliotangulia kamati ya mtaa iliichukua nyumba hiyo iwe zahanati, ikasimika kibao, ikamruhusu Mwishehe aondoe vitu vinavyobebeka. Aliubeba mlango. Kamati ikaziba pengo kwa bati na kufuli.

"Umekuja kushindana au unahama?" Mtoro alimuuliza.

"Piga hodi."

Mtoro alipiga hodi. Bi Sihaba, aliyezikwa kabla ya Uhuru, aliitikia kutoka ndani: "Karibu, mwanangu. Viatu huko huko nje."

Mtoro alivua makubadhi akaingia, na watu wakamfuata. Bodi ya Pijo haikuzidi urefu wa kitanda, lakini baada ya muda nusu ya uwanja ilikuwa ndani. Malalamiko pekee yalihusu viatu vilivyochanganyika.

Ndani ilikuwa nyumba ile ile, kama ilivyokuwa siku hiyo mikononi mwa kamati. Hapakuwa na kitanda cha mgonjwa wala chupa ya dawa. Upande mmoja wa ukumbi ulijaa mifuko ya saruji hadi darini, kila mfuko una jina la mjumbe wa kamati. Bi Sihaba aliketi juu ya mmojawapo, akimimina kahawa.

Dija, mjamzito wa miezi minane, alimwamkia, kisha akauliza mkunga anakaa wapi.

"Marahaba. Labda nyuma ya saruji, mwanangu. Sijafika huko."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Abdala, alifika na koleo la kung'olea misumari.

"Mlango ni sehemu ya nyumba," alisema. "Nimekuja kuuchukua."

"Mwenye nyumba yumo," Mwishehe alimjibu. "Piga hodi kama wenzako."

Bwana Abdala alilelewa Pangani, katika nyumba yenye adabu. Alipiga hodi. Vikombe viligongana ndani. Alipiga ya pili, kisha ya tatu. Hakuna aliyeitikia, na mtu aliyelelewa vizuri hapigi ya nne. Aligeuka aondoke na koleo lake.

"Hajakukataa, Bwana Mwenyekiti," Mwishehe alimwambia. "Hajakuitikia tu."

Waamuzi walimpa Mtoro ushindi. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba ile ya Mwishehe ni nyumba, tena ni nyumba yake, na nyumba hazikuwamo katika mashindano. Mwishehe aliwaomba warudie, kwa ajili ya waliosimama mbali. Walirudia.

Mwezi uliofuata Dija alijifungulia barabarani, akipelekwa hospitali. Kibao cha zahanati kilipakwa rangi upya. Kila Idd Bwana Abdala huja uwanjani, hupiga hodi tatu, huenda zake. Saruji imeongezeka, na Bi Sihaba amewaomba wageni wake waje mmoja mmoja, kwa kuwa hana tena mahali pa kuwakalisha.