Kwako ni Kweli, Mama

Kaka yangu anafundisha falsafa chuo kikuu, na kazi yake, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni kuvuruga vichwa vya watoto wa watu. Ukweli mmoja hakuna, anawaambia; kuna simulizi tu, na dini ni simulizi iliyopata nguvu kuliko nyingine. Mihadhara yake huirekodi na kumtumia mama kwenye simu. Mama huisikiliza huku anapiga pasi, kichwa juu kwa fahari, na sisi wote tuliamini haelewi kitu.

Kumbe alikuwa anaelewa.

Asubuhi ya upasuaji wake wa moyo nilimkuta wodini, kitandani, anakunjakunja ncha ya shuka. Kaka alikuwa anazunguka chumba, mara dirishani, mara mlangoni, hatulii.

"Mwanangu, hebu keti," mama akamwambia. "Tangu alfajiri najaribu kuomba, siwezi. Nikianza tu, nasikia sauti yako inasema hiyo ni simulizi. Sasa nakuuliza wewe uliyesoma: Mungu yupo au hayupo?"

Nilimkazia kaka macho. Sema yupo, bwana. Neno moja tu, litakupunguzia nini?

Akajikuna shingo. "Mama, kama wewe unaamini, basi kwako ni kweli."

"Kwangu?"

"Ndiyo, kwako."

"Na kwako wewe?"

Kaka akarudi dirishani. Mama akageukia ukutani. "Basi huko ndani nitakuwa peke yangu."

Damu ilinichemka. Ningekuwa na kiatu mkononi ningemrushia, msomi wetu huyo. Kabla sijafungua mdomo, wauguzi wawili wakaingia na kitanda cha magurudumu, wakamhamishia mama hapo, safari ya chumba cha upasuaji ikaanza.

Kaka akashika ubavu wa kitanda, anatembea upandeupande, anagongana na watu. Ghafla akaanza, kwa sauti ya kukwaruza, ile sala ya kulala ambayo mama alitutungia mwenyewe tukiwa wadogo. Nilidhani anatania, lakini jasho lilikuwa linamtoka. Akasema mstari wa kwanza, wa pili, akarukia wa nne.

"Umeruka," mama akasema, macho kayafumba.

"Nimeruka wapi?"

"Ninyi mnaishia hapa," muuguzi akatuzuia, na milango ikafungwa. Tukamsikia mama kule ndani anaianza sala upya, kwa ukali ule ule aliotusahihishia zamani, mpaka sauti ikapotea.

"Uliruka makusudi, siyo?" nikamuuliza. Nusura nimsamehe.

"Hapana, mdogo wangu. Nimeusahau kabisa." Alikuwa ameegemea mlango. "Huo mstari unasemaje?"

Nikamwambia: hata nisipokuona, wewe unaniona.

Akaniomba nirudie. Nikarudia, na hasira zangu bado ninazo.