Kidonge Nilichomupa Charline

Mutu asiniambie mimi ni mubaya. Katika nyumba yangu hapa Mapendo, kila miezi sita tunameza dawa ya minyoo, wote siku moja. Ukitibu mumoja ukaacha mwingine, umepoteza dawa. Ndivyo nililea watoto wangu, na hakuna aliyevimba tumbo.

Jumamosi ile Charline, mukamwana wangu, alikuwa anatapika tangu wiki mbili. Nikasema, minyoo hiyo! Kwa vile alikuwa amekonda, nikamuwekea sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta mengi ya mawese, na nusu ya avoka. Alipomaliza nikamupa kidonge.

"Mama, nitameza kesho."

"Kesho gani? Hapa si hoteli! Tafuna nikuone."

Akamuangalia Wenceslas, mwanangu, bwana yake. Yule akainamisha kichwa. Charline akatafuna. Nikamwambia afungue kinywa, nikachungulia kama kwa mutoto wa chekechea.

Siku ya ine damu ikaja. Tukamukimbiza kwenye sentre ya afya, na muuguzi Micheline akatoka kutuambia mimba ilikuwa ya wiki saba, na imetoka. Mimba! Yesu Maria! Miaka sita nilishika rozari nikimuomba Mungu mujukuu huyu.

Nikauliza kama ni dawa. Micheline akanieleza polepole. Dawa ile haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo ukiimeza tumbo tupu, karibu yote inabaki matumboni kuua minyoo. Lakini ukiila na mafuta, inaingia kwenye damu kwa wingi zaidi. Na mwanamuke mwenye mimba changa hapewi.

"Lakini Mama Wenceslas, mimba zinatoka hata zenyewe. Hakuna mutu anaweza kujua."

Heri angesema ndiyo, nijue moja.

Na ni mimi niliwafunga midomo. Mimba ya kwanza waliitangaza mbele ya ndugu wote, ikatoka. Nikawaambia, safari nyingine musiseme kwa mutu kabla ya miezi tatu kuisha, hata kwangu. Hata kwangu! Mudomo wangu huu.

Nikaingia kwa Charline. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mimi na uzee wangu, nikalia bila haya.

"Mwanangu, si ungeniita pembeni tu? Ningenyamaza."

Akanipangusa machozi kwa kikwembe chake.

"Mama," akasema, "ulikuwa umekasirika."