Pumzi ya Yusta na Pikapu ya Mika

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Mika aliweka menifoldi ya pikapu yake juu ya meza ya kulia chakula, akaitandikia gunia la mbolea ili mkewe asimseme. Menifoldi yenyewe ni kitu cha kawaida tu: mirija minne ya alumini iliyoungana upande mmoja, kazi yake kupeleka hewa kwenye injini. Ya Mika ilikuwa na vinundu na mikwaruzo kwa ndani, na jamaa mmoja wa gereji kule Mombo alimwambia kwamba akiipanua na kuilainisha, injini itavuta hewa vizuri na mlima utapungua. Kwa hiyo Mika alikuwa na tupa ya duara, drili ya kuazima, msasa na kopo la mafuta ya taa. Nje ukungu wa kijiji chao cha Magamba ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kabichi.

Ukimuuliza, atakwambia ni kwa ajili ya mlima. Akitoka Mombo kupanda Lushoto na mifuko ya mbolea, pikapu ilikuwa ikifika Soni imeshachoka, na wenzake wanampita huku wanampigia honi za dharau. Hilo ni kweli. Lakini lilikuwepo na lingine, na kwa kuwa Magamba nzima ilikuwa inalijua, hakuna sababu ya kulificha hapa. Saa tano ya Jumamosi ndiyo saa ya mazoezi ya bendi ya matarumbeta ya usharika, na Yusta, mke wa Mika, ndiye mwanamke pekee kati ya wapigaji tisa.

Yusta alirithishwa tarumbeta na baba yake, mzee wa Mgwashi aliyepiga kwenye mazishi ya watu mpaka mapafu yalipomkatalia. Siku aliyomkabidhi alimwambia, "Siku yangu ikifika, unipigie wewe. Sitaki mtu mwingine." Yusta akaitikia ndiyo. Alikuwa na pumzi huyo mama, jamani. Alikuwa anaishika noti moja tangu mchungaji anaposimama madhabahuni mpaka anapofika mlangoni kusalimia watu, na mchungaji mwenyewe ni mtu wa mwendo wa taratibu.

Mika hakuwa na neno na tarumbeta. Neno lake lilikuwa kwa Sefania, mwalimu wa bendi, fundi cherehani mwenye kibanda pale njia panda. Asubuhi za baridi Sefania alikuwa anakusanya vipulizio vya matarumbeta yote, vile vidude vya shaba vinavyokaa mdomoni, na kuvitia mfukoni mwa koti lake vipate joto, maana kipulizio cha baridi kinachubua midomo. Alivitia vyote tisa. Mika aliona kimoja. Alimwona Sefania akikitoa mfukoni, akakifuta kwa kidole gumba, akampa Yusta, na Yusta akakiweka mdomoni kikiwa bado na joto la yule bwana. Tena akamwita Yusta. Kijiji kizima kinamwita Mama Aron, kwa jina la mtoto wao anayesoma Tanga, lakini Sefania, "Yusta, hebu tuanzie juu." Na kwa kuwa Sefania alimzidi Mika miaka kumi, kila wakikutana ilibidi Mika ampe shikamoo, naye Sefania akiipokea kwa upole wa kuudhi. Mika aliona wivu, tena wivu wa kweli.

Basi ile Jumamosi, saa tano kasoro, Yusta alitoka chumbani na tarumbeta kwenye mfuko wake.

"Mama Aron, nisaidie kidogo," Mika akasema. "Nataka kujua kama mirija yote minne inapitisha hewa sawa. Mimi nina kifua kibovu. Wewe ndiye mwenye pumzi."

"Nina mazoezi."

"Dakika tano."

Mika hana mashine ya kupimia hewa, na Magamba nzima haipo. Alichukua maganda makavu ya vitunguu, yale mepesi ya juu, akaweka moja kwenye mdomo wa kila mrija. Mtu akipuliza upande huu, ganda linaruka upande ule, na unapima kwa hatua limeanguka wapi. Yusta aliweka mfuko chini, akapuliza. Ganda la kwanza likafika kwenye kabati. La pili kabati. La tatu kabati. La nne likaanguka chini ya meza.

Mika akasugua mrija wa nne. Yusta akapuliza. Chini ya meza tena. Mika akasugua, akaosha kwa mafuta ya taa, akakausha kwa kanga. Dakika tano zikawa saa moja. Kutoka kanisani zilisikika sauti nane, na pale ilipotakiwa sauti ya tisa palikuwa na kimya, na kila kimya kile kilipofika Mika alijisikia vizuri. Tuseme tu kama ilivyo. Mrija wa nne ulikuwa umeshakuwa sawa tangu saa sita, yeye akaendelea kuweka maganda mazito ya chini.

Saa tisa Yusta alisema, "Hii ya mwisho, Baba Aron," akavuta hewa ile ya mazishi, ya kutoka tumboni, akapuliza. Ganda likavuka kabati, likanata ukutani karibu na kalenda, likakaa hapo. Mika akafanya kile ambacho kila fundi msafi hufanya: kabla mtu hajapiga chafya au kuku hajaingia, akaziba midomo yote ya menifoldi kwa matambara, vumbi lisiingie. Yusta akabaki amesimama, akisubiri pumzi irudi. Haikurudi. Ilikuwa imo ndani, imezibwa huku na huku.

"Imebaki humo," akasema, kwa sauti ndogo.

"Mh," Mika akasema. Akachukua spana namba kumi na mbili, akatoka kwenda kuifunga.

Jumatatu pikapu ilipanda kutoka Mombo na mifuko ishirini na mitano bila kushusha gia. Kwenye kona za Soni iliwapita wale waliokuwa wanapiga honi, na ilivyokuwa inapita ilikuwa inaimba sauti ya kwanza ya wimbo wa mavuno, taratibu, bila maneno. Wenye mashamba walisimama wakaegemea majembe. Mwanamisi, jirani anayeuza matunda kando ya barabara, alisikiliza mpaka ikasimama mbele yake.

"Hiyo si pumzi ya Mama Aron?"

"Ndiyo."

"Inabeba mifuko mingapi?"

"Ishirini na mitano. Thelathini nikijitahidi."

"Basi kesho unichukulie tenga langu," Mwanamisi akasema.

Yusta alibaki na pumzi ya kutumia nyumbani. Ilimtosha kuongea maneno sita, akapumzika, akaongea mengine. Moto alikuwa anaupepea kwa mfuniko wa sufuria. Njiani kwenda kisimani alikaa chini mara tatu. Mwezi wa nane alikwenda zahanati, nesi akamwekea kifaa mgongoni, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mapafu mazuri kabisa, ila hayana kitu. Pumzi umeiacha wapi?"

"Kwenye gari. Ya mume wangu."

Nesi akaandika kwenye kadi: pumzi ipo kwenye gari. Chini yake akaandika: ifunguliwe, iachwe wazi, mgonjwa akae karibu. Akamwambia hiyo ni kazi ya mchana mmoja tu, asisumbuke kwenda hospitali.

Yusta alimpa Mika kadi akiwa anakula. Mika aliisoma mpaka mwisho, maana si mtu mbaya wa kutupa kadi ya zahanati. Nati ni nane. Spana ipo. Alifikiria mlima, ni kweli, akafikiria na honi za Soni. Halafu akamfikiria Sefania akitoa kile kidude mfukoni kikiwa na joto, na hapo akaisukuma kadi chini ya sahani.

"Nitaifungua," akasema. "Acha kwanza viazi vya kubeba viishe."

Jumamosi zile Mika alikuwa na furaha aliyokuwa hajaipata tangu aoe. Saa tano ikifika, mkewe yupo nyumbani anachambua maharage, tarumbeta imening'inia msumarini. Pumzi yake yote ipo chini ya boneti ya mumewe, ikienda anakokwenda yeye, ikisimama anapozima yeye. Alijiambia kwamba sasa amekuwa na mke kamili.

Mwezi wa kumi mzee wa Mgwashi akafariki. Habari ilifika asubuhi, na mazishi yalipangwa kesho yake saa nane mchana. Yusta hakulia kwanza. Alichukua spana namba kumi na mbili kwenye kopo, akaipeleka mpaka kwenye pikapu, akaiweka juu ya boneti.

"Leo," akasema. "Nilimwahidi."

"Mama Aron, nikiifungua leo, kesho msiba wote unapandaje Mgwashi? Bendi nzima, masufuria, mabenchi. Nani atawabeba?" Mika akairudisha spana kwenye kopo. "Tukitoka mazishini."

Na ni kweli aliwabeba. Watu kumi na sita, masufuria manne na mabenchi, na pikapu haikulalamika hata mahali pamoja. Huko Mgwashi walimshukuru sana. Kaburi lilikuwa shambani, juu ya migomba, na mahali pa tisa kwenye bendi palikuwa wazi. Sefania alipaangalia, akamwangalia Yusta aliyekuwa amekaa na wanawake, tarumbeta ya baba yake mapajani. Halafu akaja hadi kwenye dirisha la gari.

"Shikamoo," Mika akasema.

"Marahaba. Mdogo wangu, naomba usogeze gari karibu na kaburi. Usizime."

Watu wote walikuwa wanatazama, na baba mkwe alikuwa kwenye jeneza. Mika akasogeza. Sefania akasimama mbele ya boneti, akainua mkono, matarumbeta manane yakaanza, na injini ikaingia na sauti ya kwanza palepale inapotakiwa. Mika alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta. Aliuangalia mguu wake, ulikuwa umekaa kwenye mkeka wa chini, haugusi kitu. Sefania alipoinua mkono, injini ilipanda. Alipoushusha, ilishuka. Kwenye ubeti wa tatu alifungua kiganja kidogo tu, na gari likashika noti moja ndefu mpaka watu wa upande wa pili wa bonde wakavua kofia.

Yusta alisimama kati ya wanawake. Aliweka tarumbeta mdomoni, mashavu yake hayakuvimba, lakini vidole vyake vilikuwa vinabonyeza vile vibonyezo vitatu mahali pake pote, bila kukosea hata mara moja. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kipulizio. Kilikuwa cha baridi, maana siku ile hakuna aliyekitia mfukoni.

"Binti amemzika baba yake vizuri," bibi mmoja akasema.

"Na gari lina adabu," akajibu mwenzake.

Njia nzima ya kurudi Mika aliwaza jambo moja. Alidhani amemfungia mke ndani, kumbe amempelekea yule bwana mpaka kaburini, kwa mafuta yake mwenyewe. Alitamani kulitupa gari korongoni, na watu kumi na sita walikuwa nyuma wanasifia injini. Jumatatu alinunua kufuli Lushoto mjini, akatoboa boneti kwa ile drili ya kuazima, akafunga. Ufunguo akauvaa shingoni.

Kufuli halikusaidia. Tangu siku ile, pikapu ikikaribia njia panda, kwenye kibanda cha Sefania, sauti yake inapanda yenyewe. Mika anaweza kuwa ameondoa mguu, anaweza kuwa ameweka gia huru, inapanda tu, laini, ya kujipendekeza. Sefania husimamisha cherehani, akasikiliza mpaka gari lipite, akaendelea na mshono. Mika hupandisha kioo. Kutoka kwake kwenda Lushoto barabara ni hiyohiyo moja, kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki, na siku sita kwa wiki anaumia upya.

Jioni akiingia uani hukuta Yusta amekaa kizingitini, tarumbeta mkononi, vidole vimeshaanza kubonyeza tangu gari lilipokuwa kwenye kona. Mika anazima. Yusta anashusha vidole, anaifuta tarumbeta kwa kanga, anaitundika msumarini.

"Pole na safari, Baba Aron," anasema. Anapumzika. "Leo utafungua?"

Mika anaushika ufunguo shingoni. Kufungua ni mchana mmoja, nati nane. Angefungua, asingeusikia tena ule wimbo pale njia panda. Lakini Jumamosi ingefika, saa tano, na Sefania angetia mkono mfukoni.

Viazi vilipoisha alisema plamu ziishe. Plamu zilipoisha mwezi wa pili, akasema peasi. Peasi nazo zimeisha, Mwanamisi ameshakunja meza yake.

"Kabichi zikiisha," Mika anasema.

Yusta anaitikia kwa kichwa, kuokoa pumzi, anaingia ndani kupepea moto. Kabichi, Magamba, zinalimwa mwaka mzima.