Severine Amepata Nyumba

"Mzee, rudia. Ukifungua mlango, tabasamu kidogo," alisema Vicent, kijana wa kamera aliyetumwa na shirika kupiga picha za nyumba mpya za Endasak.

Severine Sulle akatoka nje na ufunguo, akarudia. Kazi aliijua. Jukwaani aliwahi kuwa mfalme, mlevi, hata bibi kizee. Kwenye televisheni alizikwa mara mbili, na watu wakampa mkewe Zita pole sokoni. Sasa Zita ndiye aliyekufa, tena kweli, chini ya tope lililotoka mlimani na kuifagia nyumba yao. Severine alikuwa analala kwenye stoo ya mahindi ya jirani, akisubiri zamu yake ya kupewa nyumba. Upweke ule hakuna aliyemfundisha kuuigiza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Scolastica, mjane mwenye haya. Mbele ya kamera alikauka mdomo, ndiyo maana wakamwita Severine aigize badala yake.

Aliingia, akagusa ukuta. "Zita, njoo uone," aliita. Maneno hayo hakupewa na mtu.

"Hapo umetisha, mzee," alisema Vicent.

"Na yangu lini, mwanangu?"

"Waulize viongozi. Mimi ni kamera tu."

Masika yalipoanza, stoo ikavuja. Akaenda kwa Clement, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mzee. Nafasi yako ya nyumba, wilayani wamempa mwingine," alisema Clement. "Wamekuona kwenye video, umeshapata nyumba."

"Ile ni ya Scolastica. Wewe mwenyewe ulimkabidhi."

"Najua." Clement akafunga mlango. "Lakini wafadhili nao wameiona video. Nikisema ni maigizo, kijiji kizima kinakosa. Jumatano wanakuja kukutembelea nyumbani kwako. Wapokee vizuri, awamu ijayo tutakuangalia."

"Na Scolastica?"

"Atakwenda shamba na watoto."

Njaa haina aibu, na mvua nayo haina. Jumatano Severine alisimama mlangoni kwa Scolastica, amevaa shati la kuazima, akawakaribisha ndani wageni walioletwa na Clement. Mama mmoja wa wafadhili alitazama sufuria safi na kanga iliyotundikwa ukutani.

"Unaishi peke yako, mzee?"

Clement akakohoa.

"Na mke wangu," alisema Severine. "Amekwenda mnadani. Anarudi sasa hivi."

Mama yule alifurahi, akavuta kiti. Wageni wote wakakaa kumsubiri.